Kipupwe cha Mombasa: maswali ya wazazi kuhusu watoto, upepo wa kusi na kutoka nje

Mwezi wa Juni ukiingia, foleni ya kliniki yetu hubadilika sura. Joto la kaskazi limekwisha, masika yamepungua, na kusi inavuma usiku kucha mpaka mapazia yanapiga ukutani. Akina mama huja na watoto waliovishwa sweta, kofia ya sufu na soksi mbili mbili, na swali huwa ni lile lile: "Sista, nimfungie ndani mpaka baridi iishe?"

Mimi ni muuguzi, nimezaliwa na kulelewa hapa hapa kisiwani, na jibu langu ni hapana. Kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, ndio wakati bora kuliko wote wa familia kuwa nje Mombasa. Usiku joto hushuka mpaka kama nyuzi 22, mchana ni 27 au 28, ilhali Februari na Machi tunapikwa kwa nyuzi 32 na zaidi. Msimu huu una hatari zake, na nitazitaja. Lakini nyingi ziko mahali tusipoangalia: kwenye chumba kilichofungwa, kwenye pipa la maji, kwenye jiko. Haya ni maswali niliyoulizwa na wazazi, na majibu niliyowapa, nimeyaandika kwa urefu zaidi kuliko muda wa kliniki unavyoruhusu.

Swali: Ni kweli upepo wa kusi ndio unaoleta mafua? Mama mkwe wangu hataki dirisha liwe wazi kuanzia magharibi.

Jibu: Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu mwenye mafua. Kusi inatoka baharini, haibebi virusi vya mtu. Hata hivyo mama mkwe wako hajakosea kuona kwamba watu huugua zaidi msimu huu. Alichokiona ni kweli, ila sababu ni nyingine. Baridi na manyunyu yakija, tunafunga madirisha, tunalala watano chumba kimoja, tunapanda matatu ya kutoka Kisauni vioo vyote vimefungwa. Mmoja akikohoa, hewa ile ile tunaivuta sote.

Zungumza naye kwa upole, na mkubaliane jambo moja: kitanda cha mtoto kisiwe chini ya dirisha, lakini dirisha libaki wazi kiasi, na mlango au tundu la upande wa pili liwe wazi pia ili hewa ipite. Mwambie akumbuke nyumba za Mji wa Kale, dari juu, madirisha marefu yenye vibao vya kupitisha hewa. Wazee waliozijenga walitaka upepo uingie na utoke. Kwenye matatu, mwombe makanga kwa adabu kioo kifunguliwe, hata kidogo.

Kunyeshewa na mvua nako hakuzai virusi. Mtoto akilowa, mvue nguo, mkaushe kwa leso, mpe uji wa moto, basi. Ninachokiogopa mimi ni maji ya mitaro. Mvua ikinyesha Mombasa, mitaro hufurika na maji ya vyoo hujichanganya humo. Mtoto anayerukaruka kwenye dimbwi la barabarani kisha akala bajia bila kunawa, huyo ndiye atakayeletwa kwangu na kuhara, na kipindupindu hupita njia hiyo hiyo.

Swali: Mtoto wangu ana miezi minne. Nimvishe nguo ngapi?

Jibu: Mguse shingo, kwa nyuma, chini ya nywele. Ikiwa ina joto na ni kavu, ametosheka. Ikiwa imeloa jasho, amezidishiwa. Vidole vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa, kwa hiyo usivitumie kama kipimo. Kwa Mombasa, nguo moja zaidi ya ile uliyovaa wewe inatosha. Usimlaze na kofia ya sufu, na usimfunike uso kwa leso mnapotembea. Na akiwa na homa mpunguzie nguo, usimwongezee.

Swali: Kikohozi cha watoto hakiishi msimu huu. Nitajuaje ni mafua tu au ni kichomi?

Jibu: Hili ndilo swali ninalotaka kila mzazi alijibu mwenyewe nyumbani kabla hajatoka kwenda popote, kwa sababu kichomi, yaani nimonia, huua watoto wadogo haraka, na dalili zake zinaonekana kwa macho.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mlaze mapajani, mfunue fulana mpaka kifuani. Weka simu pembeni na saa yake ya sekunde. Tazama tumbo lake likipanda na kushuka, hesabu kila linapopanda, kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wachanga hupumua kwa vipindi na utapotoka. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Kisha tazama pale chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, nyama inaingia ndani badala ya kifua kutanuka? Ukiona hivyo, au pumzi zimefika namba hizo, nenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku. Vilevile asipoweza kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, midomo ikibadilika rangi, au akilegea na ni vigumu kumwamsha, usingoje asubuhi.

Bila dalili hizo, kikohozi cha mafua hutulia chenyewe, ingawa kinaweza kuvuta mpaka wiki mbili. Mnyonyeshe zaidi, mpe maji na supu. Aliyezidi mwaka mmoja mpe kijiko kidogo cha asali, au asali na ndimu kwenye maji vuguvugu. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hata akashindwa kupumua. Kikohozi kikipita wiki mbili, apelekwe achunguzwe pamoja na kifua kikuu.

Usinunue amoksilini dukani kwa ajili ya mafua. Haiui virusi, na siku mtoto atakapopata nimonia kweli, ambayo dawa yake ya kwanza ni hiyo hiyo amoksilini, vijidudu vitakuwa vimeshaizoea. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekuwa amenyweshwa nusu chupa ya dawa ya nduguye, siku tatu anaonekana ana nafuu, ya nne mbavu zinaingia ndani.

Na kimeo. Bado naletewa watoto waliokatwa kimeo kwa kuambiwa ndicho kinachowakohoza. Kile kinyama kilichoning'inia nyuma ya ulimi hakisababishi kikohozi. Kukikata kwa wembe au kisu cha mganga kumesababisha watoto kutoka damu bila kukoma, kupata usaha kooni, na pepopunda. Nawasihi akina nyanya kwa heshima yote: tusikate.

Kuna kinga pia. Tangu 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya nyumokoka, kijidudu kinachosababisha nimonia kali, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Fungua kile kijitabu cha mama na mtoto usiku huu, tazama kama kuna pengo.

Swali: Kijana wangu ana pumu, na kila kipupwe hubanwa. Nimekatazwa na majirani nisimruhusu kucheza mpira.

Jibu: Mwache acheze, dada yangu, lakini kwanza tutafute kinachombana. Nimezitembelea nyumba nyingi za watoto wenye pumu na mara nyingi nimekuta vitu vitatu. Kuvu nyeusi kwenye kona ya ukuta nyuma ya kabati, hasa nyumba za chini zinazovuta unyevu wakati wa masika. Godoro lililowekwa sakafuni bila kuanikwa tangu Ramadhani. Na chetezo.

Najua udi na ubani ni sehemu ya nyumba zetu, nami nafukiza kwangu. Lakini moshi ni moshi, hata ukinukia. Fukiza wakati mtoto yuko shule, madirisha wazi, wala usifukize nguo zake za kulalia. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo ni vivyo hivyo, afadhali neti. Futa kuvu kwa maji ya sabuni na jiki, yeye akiwa nje, kisha usogeze kabati mbali na ukuta ili upepo upite. Godoro lianikwe juani kila juma.

Kuhusu dawa: ile pampu ya buluu hufungua mapafu akibanwa, na akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kwa daktari, huenda anahitaji ile ya kuzuia, ya kila siku. Watoto wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, ikate tundu kitakoni kwa umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu hapo, na mtoto aweke kinywa kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita polepole. Chupa hiyo haina gharama na inafanya kazi. Akienda uwanjani, pampu iende mfukoni mwake, na kocha ajue iko wapi.

Swali: Watoto wanahitaji kuwa nje muda gani, na tuwapeleke wapi? Pesa za kuingilia mahali hatuna kila wikendi.

Jibu: Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku, na wa miaka mitatu na minne saa tatu kwa siku nzima za kukimbia, kuruka na kutembea. Sisi watu wazima ni dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Kipupwe ndicho kinachoyawezesha haya bila kuzirai kwa joto.

Kwangu tunakwenda Lighthouse, pale Mama Ngina, tukishashuka matatu mjini tunamalizia kwa miguu. Saa kumi na moja jioni kusi inavuma usoni, meli inaingia Kilindini taratibu kama nyumba inayotembea, na wanangu hushindana kukimbia kutoka mbuyu mmoja mpaka mwingine. Bintiye dada yangu, mwenye miaka sita, huhesabu mibuyu kwa kuigusa mmoja mmoja kwa kiganja, na akifika kumi anarudi kuanza tena kwa sababu namba zinazofuata amezisahau. Kwa mwendo huo amekwisha kutembea zaidi ya kilomita moja bila kulalamika. Tunanunua muhogo wa pilipili na ndimu na dafu moja la kugawana. Sijapata kuona dawa ya kikohozi inayompa mtoto usingizi kama jioni ile.

Kama uko Majengo au Tononoka, uwanja wa Makadara unatosha. Ukiweza kulipa kiingilio mara moja kwa muhula, Haller Park pale Bamburi inafaa sana kipupwe kwa sababu ya kivuli: palikuwa machimbo makavu ya kiwanda cha saruji, na mwaka 1971 ndipo mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu. Watoto wanatembea msituni wakilisha twiga, nawe huna wasiwasi wa jua. Na wenye nafasi ya siku nzima waende Shimba Hills, Kwale. Huko juu ni baridi zaidi, kuna tembo na swala wakubwa waitwao palahala, na njia ya kushuka mpaka maporomoko ya Sheldrick inawachosha vijana wakubwa vizuri. Suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya kupe, na jioni mkirudi mkague watoto kwapani, kinenani na nyuma ya masikio.

Swali: Bahari wakati wa kusi ni salama? Watoto wanalilia ufukwe wa Pirates kila Jumapili.

Jibu: Bahari ya kusi si bahari ya kaskazi, wavuvi wetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, ndio maana wenye vyombo vidogo hubaki upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe au kwenye vijito miezi hii. Kuogelea kunawezekana, ila mzazi lazima asome maji.

Anza na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja au mbili baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, tofauti ya karibu mita nne hapa kwetu. Katikati ya hapo ni maji mafu, mwendo wake ni mdogo. Siku za bamvua, maji hukupwa kabisa mara nyingi kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na familia nyingi hutoka kwenda kwenye mwamba kutazama kaa na samaki wa rangi vidimbwini. Ni matembezi mazuri kupita kiasi. Lakini kumbuka maji yakigeuka hayaji kutoka mbele tu, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na pwani. Geukeni kurudi kabla maji hayajaanza kupanda, si baada ya kuyaona.

Maji yanapotoka kwa nguvu, hupitia milango ya mwamba, na hapo kuna mkondo. Ukivutwa, usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na pwani mpaka utoke ndani yake, ndipo uelekee mchangani. Wafundishe watoto wakubwa haya wakiwa nchi kavu, kwa kuchora mchangani kwa kidole. Wadogo wawe umbali wa mkono wako, nawe huna simu mkononi. Tyubu ya gari inayokodishwa ufukweni si kinga: mtoto akiteleza, tyubu inaelea peke yake.

Viatu vya mpira mwambani, kila mtu. Kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na ukimkanyaga mmoja miiba inakatikia ndani. Usiipondeponde kwa jiwe kama tulivyofundishwa. Toa inayoonekana kwa kibanio, tia mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima ameyajaribu kwa kiwiko akayavumilia, ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu hupungua. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu kesho yake, njoo hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Kisha jua. Hapa ndipo kusi inapotudanganya, kwa sababu upepo unapooza ngozi ilhali jua linaiunguza vile vile. Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua la mchana wa Julai bado ni kali. Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi, watoto wavae kofia yenye ukingo na fulana hata majini. Kwa mtoto mwenye ualbino, mikono mirefu, kofia pana, miwani, na mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Yeye mpangie jioni. Asinyimwe bahari, apewe saa yake.

Swali: Msimu huu mwanangu hanywi maji kabisa, asema hasikii kiu.

Jibu: Baridi hupunguza kiu. Usingoje aombe. Tazama mkojo: ukiwa kama maji ya ndimu yaliyozimuliwa, sawa. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hajanywa. Mpe kikombe kila anapotoka nje na kila anaporudi, na ikiwa maji baridi anayakataa, mpe ya vuguvugu.

Swali: Baridi imepunguza mbu au ni mimi tu? Na kwa nini watu mtaani wana homa na wakipimwa malaria haipo?

Jibu: Mbu hawajapungua. Miezi inayofuata masika ni miezi ya malaria hapa pwani, kwa hiyo neti zibaki. Kuna wazazi ambao wakiona baridi huzigeuza mapazia, zirudisheni kitandani.

Hiyo homa isiyo malaria inaweza kuwa dengi au chikungunya. Mombasa tunazijua zote mbili: dengi ilitupiga mwaka 2013 na imerudi mara kadhaa, chikungunya ikatuumiza viungo mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu wazima wakitambaa kwenda chooni. Mbu wake ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati watoto wanacheza barazani. Naye hazaliani mtaroni. Anataka maji masafi yaliyotulia, na hayo ndiyo tunayomwekea sisi wenyewe.

Njoo tulitazame pipa. Mombasa maji ya mfereji hayaji kila siku, tunanunua madumu ya mkokoteni, tunajaza pipa la buluu uani, tunafunika kwa sinia lisilofika ukingoni. Funua, washa tochi ya simu, subiri kidogo bila kugusa. Utaona vijiti vidogo vinajipinda kupanda juu na kushuka. Hao ni viluwiluwi vya mbu, na kwa muda wa juma moja hivi wanaweza kuwa wameruka. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mama yao hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi kisha yakaanguliwa siku utakapojaza. Kwa hiyo kila Ijumaa au Jumapili, maji yakiwa yamepungua, sugua ndani ya pipa kwa brashi ngumu mpaka ukingoni, suuza, jaza, funga kitambaa cha neti juu kwa mpira kabla ya kuweka kifuniko. Tazama pia matairi ya zamani, makopo, sahani za maua, vifuu vya madafu. Watoto wakubwa waifanye kazi hii, wanaipenda, na kwa hakika wanaona viluwiluwi kuliko sisi.

Mtu akiwa na homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho au ya viungo, apimwe malaria kwanza, siku hiyo hiyo. Malaria isipoonekana, apumzike, anywe maji mengi, atumie panadoli tu kwa kipimo chake. Asipewe aspirini, brufeni wala diklofenaki, zinaweza kuzidisha kutoka damu ikiwa ni dengi. Hatari ya dengi huja pale homa inaposhuka, siku ya tatu mpaka ya saba: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikoisha, fizi au pua kutoka damu, kulegea. Hapo ni hospitali mara moja.

Swali: Likizo ya Agosti tunakwenda kwa babu yao, Nyahururu. Watoto hawajawahi kuona baridi ya bara. Nijiandae vipi?

Jibu: Nyahururu ni zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na usiku wa Agosti huko si baridi ya kipupwe chetu. Wavishe nguo kadhaa nyembamba moja juu ya nyingine, ili mchana jua likitoka wavue moja moja. Wapake mafuta mazito usoni na midomoni, ngozi ya pwani hupasuka kwa ule ukavu.

Lakini kinachonifanya nilijibu swali hili kwa mkazo ni jiko. Usiku babu, kwa mapenzi yake, ataingiza jiko la makaa chumbani mjipashe moto. Kaeni nalo sebuleni, mlango na dirisha vikiwa wazi kiasi, na kabla ya kulala litoke nje. Makaa yanapoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yasiyotoa moshi, mekundu, yaliyoonekana kufa chini ya jivu, huitoa. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, hulegea, na aliyelala haamki. Familia nzima imewahi kukutwa hivyo, sehemu mbalimbali za nchi hii, miezi kama hiyo. Mkihisi dalili hizo wawili au zaidi kwa wakati mmoja, tokeni nje wote, acheni mlango wazi, kisha nendeni hospitali hata mkijisikia nafuu. Kitandani mtumie chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, mablanketi mawili, na watoto walale pamoja. Babu mwambieni hivi mapema, kwa simu, kabla hamjafika, ili lisiwe jambo la kukataa ukarimu wake usiku wa kwanza.

Jambo la pili: malaria huweza kujitokeza wiki moja mpaka mwezi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa mkiwa Nyahururu, neno la kwanza kwa daktari liwe "tumetoka Mombasa". Huko juu malaria si jambo la kwanza kufikiriwa.

Swali: Mama yangu ana miaka 70, ana sukari, na magoti yanamuuma. Asema ni baridi yabisi na hataki kutoka nyumbani mpaka kusi iishe.

Jibu: Jina lenyewe limetufanya tuamini baridi ndiyo ugonjwa. Baridi huweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, lakini magoti yanayokaa miezi mitatu kwenye kiti hukakamaa zaidi, na sukari hupanda. Amkandwe kwa kitambaa cha maji ya moto dakika kumi na tano asubuhi, ajifunge leso kiunoni na shali mabegani, kisha atembee na mjukuu mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kesho mpaka msikitini au dukani. Mwendo uwe ule anaoweza kuzungumza bila kuhema. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, au asubuhi vidole vikikaza zaidi ya nusu saa kila siku, aende achunguzwe, yapo magonjwa ya viungo yenye dawa.

Maji ya moto ya kukandia ayajaribu mjukuu kwanza. Sukari huua hisia za miguu, na nimeona nyayo zilizobabuka bila mwenyewe kusikia. Kwa sababu hiyo hiyo asitembee peku mchangani, hata kama ndiyo starehe yake ya tangu utotoni. Mnunulie viatu vya ngozi laini, jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ili visimbane. Akirudi kutoka matembezini mketishe barazani, mvue viatu, tazama nyayo zote mbili na katikati ya kila kidole, na umwambie mjukuu akusaidie kushika taa. Ukiona malengelenge, mkato au doa jeusi, hata asipolalamika, mlete kesho yake asubuhi.